Mgonjwa Asitoke Wodini Kabla Ndugu Hajafundishwa
Mhadhara kuhusu uuguzi wa maradhi ya ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu, Kilosa na Mikumi



Nimeombwa nizungumze juu ya uuguzi wa watu wenye maradhi ya ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu. Uwanja huu ni mpana, nami sitauzunguka wote. Nina jambo moja la kusema, na nitalitetea mpaka mwisho: wagonjwa hawa wanaokolewa au kupotea kwa uuguzi wa kila siku, na sehemu kubwa ya uuguzi huo hufanyika nyumbani, mikononi mwa mama, mke, mume au binti ambaye hakuna aliyekaa naye akamfundisha. Kumfundisha mtu huyo ni kazi yetu sisi wauguzi, na ifanyike kabla mgonjwa hajaruhusiwa.

Kinachowaondoa wagonjwa hawa

Mtu akipata kiharusi, akivunjika uti wa mgongo au akianguka kifafa, swali la kwanza la jamaa ni hili: daktari amesema nini? Kuna dawa? Kuna upasuaji? Ni maswali ya haki. Lakini wafuatilieni wagonjwa hao baada ya miezi sita au mwaka, mtaona kwamba wengi waliofariki walikuwa wamelivuka lile pigo la kwanza. Aliyepooza miguu ameondolewa na kidonda cha kiunoni kilichochimba mpaka mfupani, au na mkojo uliojaa ukarudi nyuma kuziharibu figo. Aliyepata kiharusi ameondolewa na uji ulioingia mapafuni. Mwenye kifafa ameangukia motoni, ametumbukia mtoni, au dawa zimemkatikia ghafla. Kila kimoja cha vifo hivi kina kinga, na karibu kinga zote ni za mikono, macho na ratiba.

Jambo hili lilithibitishwa zamani. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, askari aliyevunjika uti wa mgongo alihesabiwa kuwa mtu wa kufa. Alilazwa pembeni, akapewa dawa za maumivu, vidonda na maambukizi ya mkojo vikammaliza. Februari 1944, daktari Ludwig Guttmann, aliyekimbilia Uingereza kutoka Ujerumani ya Hitler, alipewa wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Hakuwa na dawa ya kuunganisha uti uliokatika, na hata leo dawa hiyo haipo. Alichokuwa nacho ni amri moja iliyosimamiwa bila kuchoka: kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku, na kibofu chake kitunzwe kwa usafi. Kisha wagonjwa wake aliwataka wakae, wafanye kazi na wacheze. Mwaka 1948 alianzisha mashindano ya michezo ya watu wenye ulemavu hospitalini hapo, na kutoka hapo ikazaliwa Michezo ya Paralimpiki. Wauguzi wenzangu, mwanzo wa yote hayo ulikuwa zamu ya kugeuza wagonjwa usiku.

Barabara kuu na majeruhi wake

Sasa nije kwetu. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, kisha inaingia mjini Mikumi. Malori, mabasi na bodaboda hupita pamoja, na usiku wanyama nao wanavuka. Ajali ikitokea, majeruhi hukimbizwa Hospitali ya Mtakatifu Kizito pale Mikumi, na wale wa sehemu za Dumila na Kimamba hufika huku Kilosa. Daktari wa upasuaji wa ubongo yuko mbali: Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, au Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma. Kutoka Mikumi mpaka Morogoro peke yake ni kilomita kama 120. Katika saa hizo zote za kusubiri na za safari, anayeusimamia ubongo wa mgonjwa ni muuguzi.

Anausimamiaje? Kwanza, shingo. Aliyetupwa na pikipiki achukuliwe kuwa shingo yake imevunjika mpaka ithibitike vinginevyo. Viongozi wa vijiji mlio kando ya barabara, nawaomba mlichukue hili mkalifundishe: msimvute majeruhi kwa mikono, msimkunje mkampakia mishikaki kwenye bodaboda. Ikiwa mahali alipo hapana hatari ya moto wala ya gari jingine, subirini gari lenye nafasi ya kumlaza. Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili, kikae sawa na mwili, wengine watatu au wanne wamgeuze kwa pamoja kama gogo na kumlaza juu ya ubao au mlango. Kuna watu wanaingia kwenye ajali wakichezesha miguu yao na kufika hospitali hawaihisi tena, kwa sababu ya namna walivyonyanyuliwa.

Pili, fahamu. Mwaka 1974 Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow walitupatia kipimo ambacho hakihitaji mashine wala umeme. Unaangalia mambo matatu: macho yanafunguka kwa kitu gani, mgonjwa anajibu maneno gani, na mwili unafanya nini ukimwambia au ukimminya. Macho yana alama 4, maneno 5, mwili 6. Aliye timamu ana 15, na wa chini kabisa ana 3. Akifika 8 au chini yake, hawezi kuilinda njia yake ya hewa, na ulimi au matapishi yanaweza kumziba. Lakini nguvu ya kipimo hiki iko katika kukirudia. Alama 13 iliyoandikwa mara moja haisemi mengi. Alama 13 saa mbili usiku, 12 saa tatu, 10 saa nne, inasema kwamba huenda damu inajikusanya ndani ya fuvu na mgonjwa anatakiwa aondoke sasa hivi. Anayekabidhi zamu akisema tu "mgonjwa yuko vilevile", bila namba, amemnyima mwenzake ushahidi huo. Andikeni namba, na saa yake. Andikeni pia ukubwa wa mboni za macho kila upande.

Na mgonjwa aliyepoteza fahamu asemeshwe. Mtajeni kwa jina kabla ya kumgusa, mwambieni mnataka kumgeuza, mwambieni mama yake yupo. Wapo wanaozinduka na kusimulia yaliyosemwa kitandani mwao. Ni heshima yake kama binadamu, na jamaa wanaotazama watajifunza kutoka kwenu kwamba huyu bado ni mtu wao.

Kiharusi na kijiko cha kwanza cha maji

Kiharusi kilikuwa kikihesabiwa kuwa ugonjwa wa wazee wa Ulaya. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu kila aliyepata kiharusi katika maeneo mawili nchini, wilayani Hai na Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, walipata watu wapya 109 kwa mwaka katika kila 100,000 kule Hai, na 316 Dar es Salaam. Namba hiyo ya Dar es Salaam ni miongoni mwa zilizo juu duniani. Chanzo kikubwa ni shinikizo la damu lisilopimwa au lililopimwa likaachwa. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati anayemfunga mzee kipimo cha presha mkononi kila anapokuja kwa jambo jingine, tayari anauguza ubongo.

Kiharusi kikishatokea, tukumbuke saa za mwanzo. Tuseme ameletwa mama wa miaka 60 kutoka Rudewa, upande wa kulia umelegea, mdomo umekwenda pembeni, maneno hayatoki. Binti yake amekuja na chupa ya uji, na kwa mapenzi yote anataka mama ale, maana tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni. Hapa ndipo muuguzi anatakiwa aingilie kati kwa upole: bado, mwanangu, kwanza tumpime kumeza.

Kipimo chenyewe ni hiki. Mgonjwa awe macho na anaweza kukaa. Mkalishe wima, kidevu kimeinama kidogo. Safisha kinywa. Mpe kijiko kimoja cha chai cha maji, weka vidole viwili juu ya koo kwa nje, usikie kama koromeo linapanda na kushuka. Subiri. Amekohoa? Maji yamemwagika pembeni? Mwambie aseme "aaa": sauti imekuwa ya majimaji, kama mtu anayesukutua? Ikiwa jibu la lolote kati ya hayo ni ndiyo, hakuna kula kwa mdomo kwa sasa, na daktari aelezwe habari ya mpira wa puani. Akivuka kijiko cha kwanza, rudia, kisha nenda polepole kwenye kikombe. Na wapo wanaopaliwa bila kukohoa hata kidogo, kwa hiyo homa au kupumua kwa haraka siku ya pili kusichukuliwe kirahisi.

Akiruhusiwa kula, binti afundishwe palepale. Wengi hupata tabu zaidi na maji matupu kuliko uji uliokolezwa kidogo, kwa sababu maji hukimbia kabla koo halijajipanga. Kijiko kiingie upande wenye nguvu. Asilishwe amelala. Ameze kabla ya kijiko kingine. Mwisho wa chakula, angalia shavu la upande uliolegea, maana chakula hujificha hapo, kisha akae wima nusu saa. Na mkono ule uliolegea usivutwe kamwe wakati wa kumnyanyua. Bega la mkono uliopooza halina misuli ya kulishikilia, likivutwa huchomoka, na maumivu yake humkatisha mgonjwa tamaa ya mazoezi. Wekeni mto chini ya mkono, mshikeni kiunoni na mgongoni mnapomwinua.

Kuhusu maneno yaliyopotea: kupoteza kusema si kupoteza akili. Mwulizeni maswali ya ndiyo na hapana, mpeni muda wa kujibu, waonyesheni watoto namna ya kuongea na bibi bila kumpigia kelele wala kumjibia.

Ngozi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapopoteza watu wengi ambao tungeweza kubaki nao.

Mwili usiohisi hauombi kugeuzwa. Mimi na wewe tukiketi muda mrefu tunajisogeza bila kufikiri. Aliyepooza hapati ujumbe huo, na pale mfupa unapokandamiza ngozi damu haipiti, nyama inaanza kufa ndani kabla juu hapajaonekana kitu. Sehemu zenyewe ni kisogo, mabega, viwiko, mfupa wa juu ya makalio, nyonga, vifundo na visigino.

Vitabu vingi tulivyosomea vinasema tutafute wekundu. Wekundu huo ni wa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu, tafuteni kwa vidole: mahali penye joto kuliko pembeni, pagumu au palipovimba kama unga uliokandwa, palipobadilika kuwa peusi zaidi au zambarau. Mwenye kuhisi mwulizeni kama panauma. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza, na siku hiyo kidonda bado kinaweza kuzuiwa kwa kuondoa uzito tu.

Kisha kuna mambo tunayoyafanya kwa nia njema yanayoleta madhara. Nyumbani watu huchukua kata, ile ya kujitwika ndoo ya maji, wakamwekea mgonjwa chini ya makalio ili mfupa usiguse godoro. Kata hukandamiza kwa duara na kuikata damu isifike pale katikati tunapotaka kupanusuru. Wodini nasi tumekuwa tukijaza glavu maji na kuziweka chini ya visigino. Glavu hubonyea, kisigino hubaki kimelalia kitu kilekile. Wengine husugua sehemu iliyoanza kuathirika kwa spiriti, na kusugua huko hurarua nyama ambayo tayari imechoka. Tuyaache yote matatu.

Badala yake: mgeuzeni kila saa 2, usiku na mchana, kutoka mgongoni kwenda ubavu wa kulia, kisha wa kushoto. Akilala ubavu, asisimame wima juu ya nyonga. Aegemee nyuma kidogo kwenye mto. Mto si lazima ununuliwe. Kanga iliyokunjwa, sufi, blanketi kuukuu, vyote vinafaa. Kwa visigino, wekeni mto chini ya ndama za miguu ili kisigino kielee hewani. Shuka liwe kavu na lisiwe na mikunjo. Msimburute kumsogeza juu kitandani. Mnyanyueni kwa shuka, watu wawili. Na chakula kiwe na protini: maharage, dagaa, mayai, karanga. Ngozi haijengwi kwa uji mtupu. Anayekaa kwenye kiti cha magurudumu ajiinue kwa mikono au aegemee pembeni mara kwa mara, na awe na mto wa kukalia.

Kibofu nacho kinahitaji ratiba. Mpira wa mkojo unaoachwa ndani kwa miezi ni njia ya wadudu kuingia. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Michigan, Marekani, alionyesha kwamba mgonjwa anaweza kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mdogo mara kadhaa kwa siku, akanawa mikono kwa sabuni na maji safi, bila chumba cha upasuaji. Jambo kuu ni kibofu kisikae kimejaa. Mbinu hiyo inafundishika kwa kijana wa Kidodi aliyeanguka kutoka mtini, na kwa mama wa mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi. Na aliyeumia uti wa mgongo kuanzia katikati ya kifua kwenda juu akilalamika ghafla kwamba kichwa kinapasuka, jasho linamtoka usoni na presha imepanda, mketisheni mara moja na mtazame mpira wa mkojo kabla ya jambo lolote: mara nyingi umejikunja, kibofu kimejaa, na hali hiyo ikiachwa inaweza kupasua mshipa ubongoni.

Kifafa, na somo la Mahenge

Mkoa wetu wa Morogoro una historia ambayo kila muuguzi hapa anapaswa kuijua. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari kijana kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifika Mahenge, katika nchi ya Wapogoro. Alikuta watu wenye kifafa wengi kuliko alivyowahi kuona popote, wakila peke yao, wakilala peke yao, wengi wakiwa na makovu ya moto. Jamaa waliogopa kwamba mate ya aliyeanguka yanaambukiza, kwa hiyo mtu akiangukia jikoni hakuna aliyethubutu kumvuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alianzisha kliniki ya kifafa kwa dawa ya bei nafuu, fenobabitoni, na mwaka 1965 aliandika juu ya ugonjwa huo, pamoja na watoto wanaotikisa kichwa kana kwamba wanaitikia. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Ulanga, uliochapishwa mwaka 1992 na Rwiza na wenzake, ulikuta zaidi ya watu 10 wenye kifafa katika kila 1,000, na kijiji kilichoongoza kilizidi hapo mara tatu.

Utafiti wa miaka ya karibuni unaelekeza kidole kwenye usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye maji yaendayo kasi. Vijiji vyenye usubi mwingi ndivyo vyenye kifafa kingi. Kilosa nayo ni miongoni mwa maeneo ya usubi nchini. Kwa hiyo Mectizan, kingatiba ya usubi inayogawiwa vijijini, haiwahusu wenye kuwashwa ngozi na wenye kuogopa upofu peke yao. Anayewahimiza watu kunywa dawa ile huenda anamkinga mtoto na kifafa. Vyanzo vingine tunavijua: malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, mtoto kuchelewa kulia alipozaliwa, mayai ya tegu wa nguruwe, ajali za kichwa. Vyote ni vya mwili, na kifafa chenyewe hakiambukizwi kwa kumshika aliyeanguka.

Sasa, mtu ameanguka mbele yako. Angalia saa. Ondoa mawe, moto na kisu karibu yake. Weka nguo laini chini ya kichwa, legeza shingo ya shati. Usimkandamize. Usimtie kijiko wala kijiti mdomoni; utavunja meno na kuziba hewa, na ulimi haumezwi. Mitetemo ikitulia mlaze ubavu, mate yatoke, ukae naye mpaka ajue yuko wapi. Ikipita dakika 5 bila kutulia, au mtetemo wa pili ukiingia kabla hajazinduka, mpelekeni hospitali.

Kuanguka huko ni dakika chache. Miaka iliyobaki ni ya dawa na ya kuishi. Wilayani Hai watafiti walikuta takriban watu wawili kati ya watatu wenye kifafa hawako kwenye matibabu, wakati Shirika la Afya Duniani linasema mpaka asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayofaa. Kati ya namba hizi mbili kuna watu ambao tungewafikia. Muuguzi wa zahanati anaweza kuhesabu vidonge, kuuliza ni siku zipi vilikosekana, na kueleza kwamba fenobabitoni haikatizwi ghafla, kwani kuikatiza kunaweza kuleta mitetemo isiyokoma. Anayekwenda kwa mganga wa jadi msimgombeze, atawakimbia. Mwambieni aende na vidonge vyake mfukoni. Jikoni, mafiga yainuliwe juu ya jukwaa la udongo au yazungushiwe ukuta mfupi. Asioge wala kuchota maji mto Mkondoa peke yake. Asipande mwembe. Aende shule, na mwalimu afundishwe la kufanya. Msichana mwenye kifafa aulizwe mapema kuhusu uzazi, kwa sababu baadhi ya dawa, hasa valproeti, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Anayeuguza

Ndugu mnaouguza, mmekuwa mkitajwa katika kila nililosema. Nataka niwaseme ninyi wenyewe. Kazi ya kugeuza mtu kila saa 2, kumlisha kijiko kwa kijiko na kufua mashuka usiku inawaangukia zaidi wanawake, na mara nyingi binti mmoja huacha shule ili bibi asikae peke yake. Mgongo wako unaumia, usingizi haupo, na biashara ya mbogamboga imekufa. Ukikasirika si kwamba humpendi. Umechoka. Muuguzi anayekuja kumtazama mgonjwa lazima akuulize na wewe umelala lini, umekula nini, nani anakupokea. Na kaka, wajomba na majirani, siku mbili za kumpokea zamu huyu dada kwa wiki zina thamani kuliko mchango wa msiba utakaofuata.

Ninachoomba

Mwaka 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mpango wa miaka kumi, mpaka 2031, kuhusu kifafa na maradhi mengine ya mfumo wa fahamu. Mipango ya dunia hufika vijijini kwa mambo madogo yanayoweza kufanyika kesho. Ninaomba matatu.

La kwanza, katika kila wodi inayolaza wagonjwa hawa, hapa Kilosa, Mikumi na Berega, mgonjwa asiruhusiwe mpaka ndugu mmoja anayetajwa kwa jina kwenye faili ameonyesha kwa mikono yake, mbele ya muuguzi, mambo manne: kumgeuza, kumlisha, kumsafisha na kutunza mkojo, na kumpa dawa kwa wakati. Kusema "nimeelewa" hakutoshi. Afanye, arekebishwe, afanye tena. Siku ya kuanza kufundisha ni ile ya kulazwa, si asubuhi ya kuondoka huku gari likisubiri nje.

La pili, siku anayotoka, mhudumu wa afya wa kijiji chake apigiwe simu. Wiki ya kwanza afike, amfunue mgonjwa, apapase kiuno na visigino, ahesabu vidonge. Kidonda kilichoonekana wiki ya kwanza kinapona. Kilichoonekana baada ya miezi mitatu kinaweza kuua.

La tatu, wakuu wa zamu na walimu wa vyuo, kugeuza na kulisha kusiachiwe mwanafunzi mgeni kama adhabu ya kuanza kazi. Iwe ni kazi inayoandikwa, inayokaguliwa na inayosifiwa, kama tunavyosifu sindano iliyopata mshipa. Mwanafunzi akiona muuguzi mkuu amekunja mikono ya sare anageuza mgonjwa, atajua thamani ya kazi hiyo bila kuhubiriwa.

Hakuna kati ya haya matatu linalosubiri mashine ya picha ya ubongo wala daktari bingwa kuhamia Kilosa. Tutaendelea kuvidai, maana wananchi wetu wanavistahili. Lakini mgonjwa aliyeko wodini leo, mwenye ndugu aliyeketi pembeni ya kitanda, anaweza kuanza kuokolewa leo hii jioni. Zamu ya usiku iingie na orodha ya kugeuza, na ndugu huyo aitwe asimame karibu ajifunze.